Sura ya Nne: Mji Ulitangulia Harusi

Ndani ya fuvu la binadamu, nyuma kidogo ya tundu la sikio, kuna kipande cha mfupa kinacholinda sikio la ndani. Hakuna mfupa mwingine mwilini ulioshikamana kama huo. Mbavu hulika, meno hung'oka, lakini kipande hicho huweza kukaa ardhini karne nyingi kikiwa kizima, na ndani yake zikabaki chembechembe za DNA ya mwenyewe. Watafiti walipoitambua sifa hiyo, katika miaka ya 2010, kazi ya kusoma vinasaba vya watu wa kale ilishika kasi ambayo haikuwahi kuwa nayo.

Mwambao wa Afrika Mashariki ulichelewa kufikiwa na kazi hiyo. Joto na unyevu huikatakata DNA vipande vifupi vifupi hadi isisomeke. Jenomu ya kwanza ya kale kutoka Afrika ilitangazwa mwaka 2015, nayo ilitoka katika pango la Mota, nyanda za juu za Ethiopia, ambako ubaridi ulikuwa umemtunza mtu aliyeishi miaka ipatayo 4,500 iliyopita. Pwani yetu, yenye mvua za masika na vuli na chumvi hewani mwaka mzima, haikuwapa wataalamu matumaini makubwa.

Hata hivyo, mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya DNA ya watu 80 wa zamani. Walikuwa wamezikwa katika miji sita ya pwani, ikiwemo Manda na Faza katika visiwa vya Lamu, Mtwapa karibu na Mombasa, na Kilwa na Songo Mnara kusini mwa Tanzania, pamoja na Makwasinyi, kijiji cha bara kando ya mlima Kasigau. Watu wa pwani waliishi kati ya miaka ya 1250 na 1800. Kundi la watafiti lilikuwa kubwa. Miongoni mwao ni Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, na wanaakiolojia waliochimba pwani hii kwa miaka mingi: Mkenya Chapurukha Kusimba, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones.

Kabla ya maabara kulikuwa na mazungumzo. Haya ni makaburi ya Waislamu, na wajukuu wa waliozikwa humo wako hai. Kusimba ameeleza jinsi ruhusa ya wenyeji ilivyotafutwa kwa subira, na jinsi mabaki yalivyozikwa upya baada ya kuchunguzwa. Kilichosafiri ni vipande vidogo tu.

Huko maabara, kazi hufanyika katika chumba ambacho hewa yake huchujwa. Mtaalamu hujifunika mwili mzima, barakoa usoni na glavu mikononi, na hafanyi hivyo kujikinga na mfupa bali kuukinga mfupa na yeye mwenyewe, maana tone moja la mate yake lina DNA nyingi kuliko mfupa wote. Mfupa hukerezwa ukatoka unga kidogo sana. DNA inayopatikana humo ni vipande vifupi, na nchani mwa vipande hivyo herufi za kikemia huwa zimebadilika kwa namna maalumu inayoletwa na umri. Uharibifu huo ndio hati ya uhalali: kipande kizima kisicho na dosari kinatia shaka, huenda kimetoka kwa mtu aliyekishika mfupa mwaka jana.

Ugomvi uliokuwapo

Matokeo hayo hayakuangukia uwanja mtupu. Yaliingia katikati ya ugomvi wa kitaaluma uliokuwa na umri wa nusu karne na zaidi, na wenye makovu ya kisiasa.

Upande mmoja kulikuwa na masimulizi ya wenyeji wenyewe. Tarikh ya Kilwa, iliyotufikia kwa muhtasari wa Kireno uliochapishwa na João de Barros mwaka 1552 na kwa hati ya Kiarabu iliyohifadhiwa London, inasimulia habari za mwana wa mfalme kutoka Shirazi, Uajemi, aliyefika Kilwa kwa jahazi na kukinunua kisiwa kwa nguo. Familia nyingi za Unguja, Pemba, Mafia na Ngazija zimejiita Washirazi vizazi na vizazi.

Wanaakiolojia wa enzi ya ukoloni waliyapokea masimulizi hayo kwa mikono miwili. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na Manda, waliitazama miji hii kama kazi ya wageni waliovuka bahari wakaweka ustaarabu kwenye ukingo wa bara lisilokuwa nao. Waafrika katika picha hiyo walikuwa watumishi, wake na watumwa.

Baada ya uhuru picha iligeuzwa. Wataalamu wa isimu, akiwemo Derek Nurse, walionyesha kwa utaratibu kwamba Kiswahili ni ndugu wa damu wa Kipokomo, Kimijikenda na Kingazija, na kwamba maneno mengi ya Kiarabu yaliingia baadaye sana, lugha ikiwa imekwisha simama. Felix Chami alifuatilia vyungu vya milenia ya kwanza kando ya pwani ya Tanzania na kuviunganisha na jamii za wakulima na wafua chuma wa bara. Kufikia miaka ya 1990, wasomi wengi walikuwa wamekubaliana kwamba miji hii ni ya Kiafrika kwa asili, na kwamba habari za Shirazi ni dai la heshima tu: wakubwa wa mji walijitafutia nasaba ya mbali iliyonasibishwa na Uislamu, kama watawala wa nchi nyingi walivyofanya.

Siasa nayo ilikuwa jirani. Mwaka 1957 chama kilichounganisha Waafrika na Washirazi wa Zanzibar kiliundwa chini ya jina la Afro-Shirazi Party, na miaka saba baadaye kikashika dola kwa mapinduzi. Swali la nani ni nani lilikuwa na matokeo: lilimpa mtu shamba, au likamnyima, lilimpeleka uhamishoni, au likamweka madarakani. Ndiyo maana mjadala ambao kwingine ungeachiwa wataalamu wa vigae, huku kwetu ulisikilizwa barazani.

Mifupa ilisema nini

Watu wengi kati ya waliochunguzwa walikuwa wamechanganyika, na si kidogo. Kwa wengi wao zaidi ya nusu ya vinasaba ilitoka Afrika, na sehemu kubwa iliyobaki ilitoka Asia. Kwa wachache sehemu ya Asia ilizidi nusu. Kwa waliokufa kabla ya mwaka 1500 hivi, sehemu hiyo ya Asia ilifanana zaidi na ya watu wa Uajemi, pamoja na mchango mdogo wa Kihindi. Baada ya hapo damu ya Uarabuni ikaanza kuongezeka. Hilo linaingiana na historia ya bahari hii: Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, na mwaka 1698 Waomani wakaitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa.

Watu wa Makwasinyi walikuwa tofauti. Ingawa waliishi baada ya mwaka 1650, wakati misafara ya pwani na bara ilikuwa jambo la kawaida, karibu hawakuwa na damu ya Asia. Bidhaa zilipanda mlimani. Ndoa hazikupanda nazo.

Kilichowashangaza wengi ni tarehe ya kuchanganyika. Watu hawa wa karne ya 13 na kuendelea walibeba ndani yao kumbukumbu ya wakati mababu zao walipokutana, na kumbukumbu hiyo husomeka. Chukua seti mbili za karata, moja nyekundu tupu na nyingine nyeusi tupu, uzichanganye mara moja. Utaona mafungu marefu ya rangi moja. Changanya tena, na tena: kila mara mafungu hupungua urefu. Kila kizazi huchanganya kromosomu kilizopokea kwa baba na mama kabla ya kuzirithisha, kwa hiyo urefu wa vipande vya Asia na vya Afrika huwaambia watafiti ni vizazi vingapi vimepita. Hesabu ilirudi hadi karibu mwaka 1000.

Kwa hiyo Tarikh ya Kilwa haikuwa hadithi tupu. Waajemi walikuja, walikuja mapema, na waliacha uzao. Wasomi walioiweka kapuni habari ya Shirazi walikuwa wameharakisha. Magazeti ya nchi za nje yalilipokea jambo hilo kwa shangwe, na si msomaji mmoja aliyelichukua kama ushindi wa Kirkman na Chittick.

Haukuwa ushindi wao. Kuona kwa nini, inabidi kwanza tuwatazame kina mama.

Upande wa kuukeni

Kuna sehemu mbili za DNA zinazofuata mkondo mmoja tu wa ukoo. Mitokondria, chembe zinazozalisha nguvu ndani ya seli, hurithiwa kwa mama peke yake. Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume. Kwa watu hawa wa pwani mikondo hiyo miwili ilikwenda pande tofauti. Mitokondria karibu zote zilikuwa za Kiafrika. Kromosomu Y zilikuwa kwa sehemu kubwa za Asia ya kusini-magharibi. Kromosomu X, ambayo mama humpa kila mtoto na baba humpa binti tu, ilithibitisha picha ileile. Watafiti walikadiria kwamba kati ya asilimia 80 na 90 ya DNA ya Asia iliyomo katika watu hawa ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi.

Waliohama, basi, hawakuwa familia zilizobeba vyungu na watoto. Walikuwa wanaume, na bahari yenyewe inaeleza sababu. Kaskazi huvuma kuanzia karibu Novemba na kuleta majahazi kutoka Ghuba. Kusi huyarudisha kuanzia Aprili. Mfanyabiashara aliyefika na kaskazi alilazimika kukaa miezi, na katika miezi hiyo alihitaji mahali pa kulala, mtu wa kumtunzia mali, na mdhamini wa kumwamini kwa mkopo wa pembe za ndovu na dhahabu. Hayo yote aliyapata kwa mara moja kwa kuoa katika nyumba yenye jina. Nayo nyumba hiyo ilipata mkwe mwenye jahazi na jamaa ng'ambo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

DNA yenyewe haisemi kama ndoa ilikuwa ya mahari na mashahidi au ya nguvu. Haina sauti ya kusema hivyo. Hapo ndipo lazima tuziulize taaluma nyingine, na majibu yake yanaelekea upande mmoja. Watoto wa ndoa hizo walikua wakisema lugha ya mama, wala haikubaki hata jamii moja ya pwani inayosema Kiajemi nyumbani. Huko Lamu desturi iliyoandikwa na watafiti wa karne ya 20 ilikuwa baba kumpa binti yake nyumba ya mawe anapoolewa, na mume kuhamia humo. Nyumba ilifuata upande wa wanawake. Mahali ambapo wavamizi huja kwa upanga, lugha na milki kwa kawaida hufuata upande wa baba. Pwani hii ilifanya kinyume. Maelezo mepesi kuliko yote ni kwamba wageni ndio walioingizwa katika nyumba za wenyeji, kwa masharti ya wenyeji.

Chini ya msikiti wa Shanga

Sasa turudi kwenye tarehe, maana humo ndimo ilimo hoja nzima.

Shanga ni magofu katika kisiwa cha Pate. Mark Horton alianza kuchimba huko mwaka 1980 na akaendelea kwa misimu kadhaa. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine tena, hadi akafika kwenye jengo dogo ambalo halikuacha kitu ila mashimo ya nguzo zilizooza. Udongo ndani ya shimo la nguzo huwa na rangi tofauti na ardhi inayolizunguka, na mchimbaji hodari huliona kama duara jeusi kwenye mchanga. Madoa hayo yalipounganishwa yalichora chumba cha miti cha kutosha watu wachache, kimeelekezwa kibla, ingawa si barabara. Kiliwekwa katika nusu ya pili ya karne ya nane. Kila kilipojengwa upya kilikuwa kikubwa zaidi, na mwelekeo wake ulisahihishwa, hadi mawe ya matumbawe yakachukua nafasi ya miti. Humohumo Shanga zilipatikana sarafu ndogondogo za fedha zenye majina ya watawala wa mahali hapo.

Vyungu vya tabaka za chini kabisa ni vya mtindo uleule uliosambaa pwani na bara katika milenia ya kwanza, ule ambao Chami na wenzake waliufuatilia kwa miaka. Vigae vya Ghuba ya Uajemi vilikuwepo pia, vyenye rangi ya buluu na kijani, lakini vilikuwa vichache mbele ya vyungu vya wenyeji.

Linganisha tarehe. Watu wa Shanga walikuwa na mji, biashara ya bahari na msikiti karne mbili hivi kabla ya kuchanganyika kunakosomwa katika mifupa. Yaani mji ulitangulia harusi. Wanaume wa Kiajemi hawakuvutwa na ufuo mtupu. Walivutwa na miji iliyokwisha kuwa na soko, bandari, wenyeji wenye mali, na hata mahali pa kusali. Kirkman na Chittick hawakukosea kuwaona wageni. Walikosea kudhani kwamba wageni ndio walioanza.

Mchele wa Pemba

Kuna taaluma ya tatu inayoweza kuamua kesi hii, nayo hutumia ndoo na maji. Udongo uliochimbwa humwagwa majini ukakorogwa. Mchanga huzama, na punje zilizoungua karne nyingi zilizopita huelea, zikaopolewa kwa kitambaa chembamba. Chini ya hadubini punje ya uwele hujitambulisha, ya mtama vivyo hivyo, na ganda la mpunga huwa na vinundu vyake vilivyopangwa safu.

Sarah Walshaw alifanya kazi hiyo Pemba, katika maeneo yaliyochimbwa na Adria LaViolette na Fleisher. Tumbe, mji wa milenia ya kwanza, ulikuwa mji wa uwele. Chwaka, uliokuja baada yake katika eneo hilohilo, ulikuwa mji wa mchele. Mageuzi hayo yaliangukia karne zilezile ambazo Uislamu ulienea, majengo ya mawe yakaongezeka na, kama tunavyojua leo, ndoa za ng'ambo zikashamiri.

Je, mchele uliletwa na wakwe wa Kiajemi? Hapa pana onyo. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake walitoa matokeo ya mazao ya kale kutoka maeneo mengi ya pwani na visiwa. Huko Komoro na Madagaska walikuta mpunga na choroko za Asia kuanzia karne za nane hadi kumi, wakati pwani ya bara bado ilikuwa ya mtama, uwele na mibuyu. Waliofika Madagaska walikuwa mabaharia wa Asia ya kusini-mashariki, ambao lugha ya Kimalagasi ni ushahidi wao. Mpunga ulikuwa tayari ukilimwa jirani, na wakulima wa Pemba wangeweza kuupata bila kuoza binti hata mmoja. LaViolette na Fleisher wanaunganisha mchele na karamu: zao linalotaka maji na kazi nyingi, linalofaa kupakuliwa kwa wageni katika bakuli zuri. Pemba ililima mchele kwa sababu Pemba ilikuwa na sababu ya kuandaa karamu.

Mazao, lugha, misikiti na damu havikusafiri katika jahazi moja. Kila kimoja kilikuja kwa wakati wake na kwa njia yake, na kila kimoja kilipokelewa na watu waliokuwa na uwezo wa kuchagua.

Waliokosa kaburi la mawe

Watu 80 si wengi kwa pwani ya zaidi ya kilomita elfu mbili na karne tano na nusu. Tena hawakuchaguliwa kwa kura. Wengi walitoka Mtwapa, na kwa sehemu kubwa walizikwa karibu na misikiti au katika makaburi ya kujengwa, mahali ambapo maskini hawakuzikwa. Wakazi wengi wa miji hii waliishi katika nyumba za miti na udongo. Hao hatujawasikia. Neno "Mwajemi" nalo, katika sentensi ya mtaalamu wa vinasaba, lina maana finyu: mtu anayefanana na sampuli za watu wa Irani waliopimwa. Halina pasipoti, wala madhehebu, wala halithibitishi kwamba kulikuwa na mwana wa mfalme kutoka Shirazi.

Isitoshe, waliopo leo si nakala ya waliozikwa. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba Waswahili wa sasa wamebadilishwa na mikutano ya baadaye, na watu wa Afrika na wa Asia pia, kiasi kwamba mtu anayejiita Mswahili huenda asiwe na uhusiano mkubwa na wale wa Mtwapa. Anayepeleka mate yake maabara ili ajue kama ni Mswahili halisi ameuliza chombo kisichojua jibu. Uswahili umebebwa na lugha, dini, chakula, nyumba na namna ya kukaa na watu, na hivyo vyote mtoto huvipata bila kromosomu.

Kazi inayofuata inajulikana. Inafaa kuchimba mitaa ya nyumba za udongo na kutafuta mabaki ya watu wa kawaida, na hasa wa karne ya nane na ya tisa, kabla ya mchanganyiko tunaoujua. Ikiwa watu wa mitaa hiyo hawatakuwa na damu ya Asia, tutajua kwamba ndoa za ng'ambo zilikuwa mambo ya tabaka moja lililolinda biashara yake. Ikiwa watakuwa nayo sawa na wenye nyumba za mawe, tutajua kwamba ukuta kati ya mawe na udongo ulikuwa mwepesi kuliko tulivyodhani. Na wakipatikana Waajemi wachache wa karne ya nane, tutalazimika kuirudisha nyuma tarehe ya kuonana kwa mara ya kwanza. Lakini hata hilo halitageuza wageni wachache kuwa waasisi wa miji: vyungu vya tabaka ya chini kabisa ya Shanga vilifinyangwa na wenyeji, na lugha iliyosemwa na waliovipikia ndiyo iliyozaa hii unayoisoma.